Una elfu tano, unacheza gemu usiku na kusikiliza benga mchana: ununue hedifoni gani?

SWALI: Fundi, hujambo? Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Lurambi, Kakamega. Nina laptopu ya kawaida na mwenzangu wa chumba ana kompyuta ya mezani. Usiku tunacheza Counter-Strike 2 na Valorant, gemu za bunduki, wikendi gemu ya mpira. Nikisoma nasikiliza benga, rumba na nyimbo za injili. Nimeweka kando shilingi 5,000. Dukani nimeonyeshwa hedseti kubwa ya gemu yenye taa, imeandikwa 7.1, na nyingine ya Bluetooth. Muuzaji anasema zote ni kali. Nichukue ipi? Halafu mvua ikinyesha hapa kwetu, hata tukiongea hatusikizani.

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Kati ya hizo mbili, mimi singechukua hata moja. Kwa chumba chako na kwa pesa hizo, tafuta hedifoni za waya za kuchomeka sikioni, zinazoziba sikio barabara, zenye maiki kwenye waya wake. Hazitakula pesa zako zote. Chenji itakayobaki usiiguse kwanza, nitakuambia ya nini. Na kilichoniamulia si gemu wala benga, ni ile sentensi yako ya mwisho kuhusu mvua.

Nyinyi wa Kakamega mnapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi yake hushuka alasiri na jioni, saa zile zile mnazofungua kompyuta. Chumba cha mabati kisicho na dari kikipigwa na mvua hiyo, kila mtu hufanya jambo moja: anaongeza sauti. Mvua inapotulia hakumbuki kuishusha, anaendelea hivyo hadi usiku wa manane. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio yake. Ikifika desibeli 90, saa hizo zinashuka hadi 4 tu kwa wiki. Saa nne, kwa mtu anayecheza Valorant, ni jioni moja. Kwa hiyo kifaa kinachozuia kelele za nje kinakupa mambo mawili kwa mpigo: unasikia nyayo za adui, na masikio yako yatakuwa bado yanafanya kazi ukifika miaka arobaini.

Ile ya kuchomeka sikioni inaziba tundu la sikio kwa mpira laini. Ikikutosha vizuri, mvua inabaki mbali. Usidanganywe na hedifoni za bei ndogo zilizoandikwa kwamba zinafuta kelele kwa umeme. Teknolojia yenyewe ni ya kweli, lakini nguvu yake iko kwenye miungurumo ya chini isiyobadilika, kama injini ya basi au ya ndege. Mvua ya mabati ina vishindo na mchakacho mwingi wa sauti za juu, na hapo mpira unaoziba sawasawa hufanya kazi kuliko saketi ya bei rahisi.

Utasoma kwingi kwamba wachezaji wazoefu wanapenda hedifoni zilizo wazi kwa nyuma, kama Philips SHP9500, au zile za nusu wazi kama Superlux HD681. Wanasema kweli. Zikiwa wazi, sauti inapumua, unaisikia kama iko nje ya kichwa, na kuhisi umbali wa kitu kunakuwa rahisi. Ungekuwa unaishi peke yako kwenye nyumba ya zege pale Milimani, Kisumu, ningekutuma huko bila kusita. Lakini kilicho wazi kwa sauti kutoka kiko wazi kwa mvua kuingia, na mwenzako aliyelala kitanda cha pili atasikia kila risasi.

Sasa hiyo 7.1. Wengi wanadhani ndani ya hedseti hiyo kuna spika nane zimemzunguka mtu. Zilikuwepo kweli hedseti za kujaza vispika vingi kwenye kila upande, lakini nyingi unazoziona leo zina spika mbili tu, moja kila sikio, na hiyo 7.1 ni programu inayochezea sauti kabla haijakufikia. Wala si kosa kuwa na spika mbili, kwani masikio yako ni mangapi? Mtu akikuita kutoka kushoto, sauti yake hufika sikio la kushoto kwanza na la kulia baadaye kidogo sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. La kulia pia huipata ikiwa dhaifu, kwa sababu kichwa kimeikinga. Halafu mikunjo ya sikio la nje huibadilisha sauti kidogo kulingana na inakotoka, juu au chini, mbele au nyuma. Ubongo unasoma dalili hizo zote bila wewe kujua na kukuambia: huyo yuko kushoto, nyuma yako.

Dalili hizo zinaweza kukokotolewa na kuwekwa kwenye sauti ya kawaida ya spika mbili. Hesabu yake huitwa HRTF. Counter-Strike 2 inayo ndani yake, na Valorant inayo pia, utaiona kwenye mipangilio ya sauti ukaiwashe. Maana yake ni kwamba gemu yenyewe, ambayo inajua hasa adui yuko wapi, tayari imekufanyia kazi hiyo bure. Ukiongeza 7.1 ya hedseti juu yake, sauti inapikwa mara mbili. Nyayo zinapata mwangwi usiokuwepo, na kujua nani yuko mbele na nani yuko nyuma kunakuwa kubahatisha. Windows nayo ina kitu chake cha bure kiitwacho Windows Sonic. Kinafaa kwa filamu na kwa gemu zisizo na hesabu yake, lakini kwenye hizo mbili zako kizime. Na kwa gemu ya mpira, mwelekeo hauna kazi yoyote, hapo hata hedifoni iliyokuja na simu itakutosha.

Hedseti ya taa ina jambo jingine la kuangalia kwa karibu. Tazama waya wake. Mara nyingi mwishoni una plagi ya duara ya sauti na plagi ya USB. Watu wengi huona USB wakaamini wamepata kadi ya sauti ndani yake, kumbe kwenye aina hiyo USB haibebi sauti hata kidogo, inawasha taa tu. Umelipia taa ambazo wewe uliyezivaa huzioni. Halafu boksi litakuambia spika ni za milimita 50 na zinafika kutoka hezi 20 hadi 20,000. Ukubwa wa spika hausemi ubora wake, na hizo hezi zimeandikwa hata kwenye boksi za hedifoni mbaya kupindukia, kwa sababu hakuna anayekuambia kila sauti inatoka kwa nguvu kiasi gani.

Kinachojaribu hedifoni ni masikio yako na muziki unaoujua, na hapa una bahati, kwani benga ni kipimo kigumu kushinda mipigo mingi ya kisasa. Weka wimbo wowote wa benga uliousikia tangu utotoni. Fuata gitaa la solo, lile linalomjibu mwimbaji. Kisha liache, tafuta gitaa la ridhimu lililo chini yake. Kisha besi. Kwenye benga besi haikai nyuma ikipiga noti mbili tatu, inatembea na wimbo mwanzo hadi mwisho, na unapaswa kuweza kuifuata noti kwa noti. Kwenye hedseti iliyovimbishwa besi utasikia mtutumo mmoja mnene, noti zimegandana, na lile gitaa la ridhimu limezama kabisa. Sauti za chini zikiwa na nguvu kupita kiasi hufunika zilizo juu yake, ndivyo sikio la binadamu lilivyo. Kilichozamisha ridhimu ndicho kitakachozamisha nyayo bomu likilipuka kwenye gemu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema hedifoni za gemu na za muziki ni vitu viwili tofauti. Ikishindwa kukutenganishia magitaa matatu, haitakutenganishia adui na kishindo.

Ukitaka kupima upande wa juu, tafuta wimbo wenye orutu, ile fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, au kwaya yenye sauti nyingi za kike. Hedifoni za bei ndogo mara nyingi zina mahali huko juu panapochoma. Uzi wa orutu ukikufanya ukunje uso, hata kwa sauti ya wastani, basi baada ya saa mbili za risasi kichwa kitauma. Rudisha hiyo.

Bluetooth nayo. Kwa kusikiliza rumba ukifua nguo, haina neno. Kwa gemu ina magonjwa mawili. La kwanza ni kuchelewa: kwa hedifoni nyingi za kawaida, sauti hufika baada ya robo ya sekunde hivi, au pungufu kidogo. Kwenye filamu huoni tatizo kwa sababu kicheza video huichelewesha picha ili zifike pamoja. Gemu haiwezi kukufanyia hivyo. Unaona moto wa bunduki, halafu ndio unasikia mlio. La pili linawashangaza wengi zaidi. Ukifungua maiki ya hedifoni hiyo ili uongee na wenzako, Bluetooth ya kawaida huacha njia yake ya muziki na kuhamia njia ya simu, na hapo hapo gemu nzima inasikika kama mtu anayekupigia kutoka kijijini. Mtu huenda kwa fundi akidhani spika zimeharibika. Zipo hedseti zisizo na waya zinazotumia kidude chake cha USB badala ya Bluetooth, na hizo hazichelewi hivyo, ila zilizo nzuri ziko juu ya bajeti yako. Na waya hauhitaji kuchajiwa stima ikipotea.

Basi ununue nini hasa? Kwenye kundi hili la bei kuna KZ EDX Pro, inayouzwa kwa matoleo mawili, lenye maiki na lisilo nayo, kwa hiyo soma boksi kabla hujalipa. Besi yake imeongezwa kidogo, injili na rumba vitakuchangamkia, na bado benga inatenganika. Kama wewe ni mtu wa sauti za waimbaji na magitaa kuliko besi, 7Hz Salnotes Zero imetulia zaidi, lakini toleo lake la kawaida halina maiki. Zote mbili waya wake unachomoka, na kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko jina la kampuni, kwa sababu kinachokufa kwanza kwenye hedifoni ni waya, hasa pale shingoni mwa plagi. Ukikatika unanunua waya mpya wa pini mbili, hutupi kila kitu. Nenda na hedifoni yenyewe unapoutafuta, vifuko vya pini havifanani kwa modeli zote. Na zote mbili laptopu yako itazisukuma bila jasho, usikubali kuuziwa kikuza sauti. Hicho ni cha hedifoni ngumu kusukumwa kama zile Beyerdynamic DT 770 Pro za ohm 250.

Ukifika nazo nyumbani, kazi ya kwanza ni vile vimpira. Boksi huwa na saizi tatu. Watu wengi hutumia zilizokuja zimevalishwa, besi ikikosekana wanalaumu hedifoni. Jaribu zote, na usishangae sikio la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia. Dalili kwamba imeziba ni hii: ongea, sauti yako mwenyewe inasikika nzito kichwani. Waya nao mara nyingi unapita juu ya sikio, si kuning'inia kwenda chini. Ukiuvaa vibaya utatoka kila ukigeuka.

Kuhusu plagi, hapa wewe na mwenzako hamko sawa. Laptopu yako, kama ni ya miaka ya karibuni, ina tundu moja linalobeba sauti na maiki pamoja. Angalia plagi ya hedifoni yenye maiki: ina mistari mitatu myeusi. Isiyo na maiki ina miwili. Ya mistari mitatu ukiichomeka kwenye laptopu yako inafanya kazi yote. Ukiichomeka kwenye tundu la kijani la kompyuta ya mwenzako utasikia vizuri, lakini wenzako wa gemu hawatakusikia, kwa sababu pale maiki ina tundu lake la waridi. Mnahitaji waya mfupi wa kugawanya, wenye kichwa kimoja cha kupokea na plagi mbili. Ni wa bei ndogo, duka lolote la vifaa vya kompyuta mjini wanao, mwambie tu ni wa hedifoni na maiki. Upo mwingine unaofanana nao wa kusikilizia watu wawili, huo hautakusaidia.

Maiki ya kwenye waya si ya kurekodia albamu, na ukiisugua na shati wenzako watalalamika. Iegeshe kwenye kola. Mvua ikianza, washa kichujio cha kelele kilichomo ndani ya Discord, ile programu ya kuongea na wenzako mkicheza, kinaitwa Krisp, hakilipiwi, na kinaondoa mchakacho mwingi wa nyuma. Cheza hivyo mwezi mzima kwanza. Wakiendelea kulalamika, ndipo ile chenji yako ipate kazi: nunua maiki ndogo yenye plagi ya USB. Zile za kubana shatini zilizotengenezewa simu ni nzuri, ila plagi zake zina mistari mitatu na kwenye laptopu yako yenye tundu moja zitagombania tundu hilo na hedifoni, utazunguka mjini ukitafuta adapta juu ya adapta.

Jambo moja linalowarudisha watu madukani bure: mvumo. Ukisikia mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi, au nzi anayevuma nyuma ya muziki, chomoa chaja ya laptopu. Ukipotea papo hapo, hedifoni haina makosa. Ni umeme, mara nyingi ekstensheni isiyo na waya wa ardhi au chaja feki. Cheza kwa betri, au badilisha ekstensheni. Usipopotea, adapta ndogo ya USB yenye tundu la sauti huutatua mara nyingi, kwa sababu sauti inatengenezewa nje ya kelele za ndani ya kompyuta. Tukiwa hapo hapo, radi za huko kwenu mnazijua wenyewe: zikianza, chaja itoke ukutani, usiwe na waya sikioni uliounganishwa na stima ya nyumba.

Kama huwezi kabisa kuvumilia kitu ndani ya sikio, na wapo watu hivyo, chukua hedifoni kubwa ya waya iliyofungwa nyuma, ya kampuni ya vifaa vya muziki. Audio-Technica ATH-M20x ni mfano mzuri, ingawa mpya itakushinda kwa elfu tano. Tafuta ya mtumba kwa wanaouza mitambo ya ex-UK, lakini ishike kwanza. Ngozi bandia ya mito ikiwa inachunika kama unga mweusi, bei ishuke, maana utanunua mito mingine. Pinda waya pole pole karibu na plagi muziki ukicheza: sauti ya upande mmoja ikikatika na kurudi, iache hapo. Kwa wasomaji wa Kisumu ningeongeza kwamba ngozi bandia na joto la ziwa havipatani. Mito ya kitambaa haizuii kelele sana kama ya ngozi bandia, lakini utaivaa saa nzima bila masikio kulowa.

Siku ya kununua, nenda na muziki wako kwenye simu, uliopakuliwa, si wa kutiririsha kwa bando linalokatakata. Kama simu yako haina tundu la sauti, beba laptopu. Muuzaji atataka kukupigia wimbo wake na kupandisha sauti hadi juu. Mshukuru, shusha. Sikio la mtu yeyote huona kilicho juu zaidi ndicho kizuri zaidi, hata tofauti ikiwa ndogo, kwa hiyo kama unalinganisha mbili hakikisha zinalia kwa kiwango kimoja. Anza kwa sauti ya chini kabisa. Hedifoni nzuri ikishushwa bado unapata besi, mwimbaji na magitaa, kila kimoja mahali pake. Mbaya hubaki na mchakacho tu. Kisha mwimbaji awe katikati ya kichwa, sawasawa. Akiwa ameegemea upande, spika hazilingani, na kwenye gemu adui wa mbele atakuwa wa pembeni siku zote. Omba risiti yenye tarehe na uulize kabla ya kulipa kama wanarudisha hedifoni za sikioni zilizofunguliwa, maana maduka mengi hukataa kwa sababu za usafi.

Ukishazoea na ukaona besi bado imezidi au imepungua kwa ladha yako, usikimbilie kununua nyingine. Kwenye Windows kuna programu ya bure, Equalizer APO, inayokuruhusu kupunguza au kuongeza sehemu ya sauti unayotaka. Punguza kuliko kuongeza. Kushusha besi desibeli tatu wakati wa Valorant na kuirudisha wakati wa rumba ni kazi ya kubofya mara mbili, na mwenzako akiazima hedifoni anaweza kuwa na mpangilio wake kwenye mashine yake.